Uzi: Kwa nini neno unalolijua ndilo linalokukosesha swali la msamiati kwenye ufahamu wa Kiingereza?

#1 Kalamu Nyeusi

Wakuu, salaam.

Nasaidia vijana wanaojiandaa na mitihani inayofanywa kwa Kiingereza: wengine TOEFL, wengine IELTS (hii miwili hupima Kiingereza cha wageni wa lugha), wengine SAT, ule wa kuomba vyuo vya Marekani. Kuna jambo naliona kila tunapokaa kusahihisha, na linaniuma kwa sababu ni alama zinazopotea bure. Kwenye ufahamu, yale maswali ya "neno hili kama lilivyotumika katika aya ya pili lina maana iliyo karibu na lipi", watu hawaanguki sana kwenye maneno magumu. Wanaanguka kwenye maneno waliyoyajua tangu wanaanza kusoma Kiingereza.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa mitihani:

"The critics gave the play qualified praise: they admired the acting but found the second half far too long."

Neno "qualified" hapa lina maana iliyo karibu na:
A. expert
B. limited
C. well-deserved
D. enthusiastic

Wengi wanachagua A au C. Wanajua "qualified" ni mtu aliyesomea kazi yake, mwenye vigezo. Wakishaona neno la kawaida kwao, macho yanaruka moja kwa moja kwenye majibu na sentensi haisomwi tena. Jibu lenyewe liko palepale baada ya nukta mbili: walipenda uigizaji, ila sehemu ya pili waliona imerefuka mno. Ni sifa zenye "lakini" ndani yake. Jibu ni B.

Dai langu ni hili: swali la msamiati ndani ya ufahamu halipimi kama unalijua neno, linapima kama umeisoma sentensi. Anayebisha alete hoja.

#2 Nuru ya Asubuhi

Mada imekuja wakati wake, nina mtihani hivi karibuni. Naweka kambi hapa.

#3 Panya wa Maktaba

Namuunga mkono mleta mada asilimia zote. Watunga mitihani wanapenda sana maneno ya kila siku yenye maana ya pili. Angalieni haya:

"Arrest" kila mtu anajua ni kukamata mhalifu. Kwenye kifungu cha mazingira utakuta "measures to arrest the decline of the forest", na hapo ni kusimamisha.

"Entertain" ni kuburudisha, ila "she refused to entertain the idea" maana yake alikataa hata kulifikiria wazo lenyewe.

"Want" ni kutaka, lakini "the plants died for want of water" ni kwa kukosa maji.

"Check" ni kukagua, ila "to check the spread of the disease" ni kuuzuia ugonjwa usienee.

"Novel" ni kitabu cha riwaya, ila "a novel approach" ni njia mpya kabisa.

Ukiwa na orodha ya namna hii kichwani unaanza kuwa na shaka njema. Ukiona neno jepesi limepigiwa mstari, jiulize kwa nini mtunga swali ajisumbue nalo kama maana yake ni ile anayoijua kila mtu.

#4 Mzee wa Kamusi

Mleta mada, naheshimu kazi yako na hao vijana, ila dai lako nalikataa. Unachokiona ni dalili tu. Chanzo ni uchache wa maneno.

Mtu atasomaje sentensi ambayo haijui? Hu na Nation, watafiti wa msamiati, walilifanyia jambo hili utafiti uliotoka mwaka 2000. Walichukua hadithi, wakaondoa sehemu ya maneno yake na kuweka maneno ya kubuni yasiyo na maana, halafu wakapima wasomaji walielewa kiasi gani. Hitimisho lao ni kwamba ili uelewe andiko bila kusaidiwa unahitaji kujua kama 98% ya maneno yaliyomo. Hilo ni neno geni moja katika kila maneno 50. Ukishuka hadi 95%, unakutana na neno geni katika kila maneno 20, yaani karibu kila mistari miwili.

Mwaka 2006 Nation akaendelea na hesabu: kufikia hiyo 98% kwenye maandishi ya kawaida ya Kiingereza unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia ni neno pamoja na watoto wake, kama "decide", "decision" na "decisive".

Vijana wako wangapi wamefika huko? Kumwambia mtu asome muktadha wakati muktadha wenyewe hauelewi ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba.

#5 Kalamu Nyeusi

Mzee wa Kamusi, takwimu zako nazikubali. Lakini rudi kwenye mfano wangu. "Critics", "play", "praise", "admired", "acting", "far too long": hakuna kijana wangu asiyeyajua haya. Sentensi yote walikuwa nayo mkononi na bado wakachagua A. Hapo uchache wa maneno unaingiaje?

#6 Mzee wa Kamusi

Unaingia vizuri tu. Hawaijui "qualified". Wanajua maana yake moja. Neno lenye maana tatu mimi nalihesabu kuwa maneno matatu, na mwanafunzi aliyejifunza moja amebakiza mawili. Hesabu zetu za msamiati ndizo zinazotudanganya, kwa sababu mtu akiweka alama ya vema pembeni ya neno kwenye daftari anaona amelimaliza.

#7 Mpenda Visawe

Nyote mnazungumzia kwa nini watu wanakosa. Nuru hapo juu ana mtihani, anahitaji namna ya kufanya. Mimi natumia njia hii na wanafunzi wangu:

Lizibe neno kwa kidole, au kama mtihani uko kwenye kompyuta jifanye halipo. Soma sentensi nzima, na moja iliyotangulia, na moja inayofuata. Kisha ujaze pengo kwa neno lako mwenyewe, hata kwa Kiswahili, kabla hujatazama machaguo. Baada ya hapo ndipo utafute chaguo linalofanana na neno lako. Mwisho lirudishe chaguo hilo ndani ya sentensi uisome tena yote, uone kama maana ya aya imebaki ilivyokuwa.

Jaribuni kwa ule mfano wa mleta mada. Ziba "qualified": wakosoaji waliipa tamthilia sifa za namna ____, walipenda uigizaji lakini sehemu ya pili ilikuwa ndefu mno. Utajaza "kiasi" au "nusunusu". Ukitazama machaguo, "expert" halikuvuti tena.

Siri ni ule mpangilio. Ukishayasoma machaguo kwanza, akili imeshatekwa.

#8 Nuru ya Asubuhi

Asante sana Mpenda Visawe. Hiyo ya kuziba sikuwahi kuambiwa.

#9 Fikra Huru

Njia ya Mpenda Visawe ni nzuri pale sentensi inapokuwa na dalili. Mbona hamsemi kuhusu sentensi zisizo na dalili? Jaribuni hii:

"The old man was garrulous, and the children of the house avoided him."

Ziba neno. Watoto walimkwepa kwa sababu alikuwa mkali? Mchafu? Mgonjwa? Mwenye maneno mengi? Yote yanaingia bila shida. Muktadha hapa haukupi kitu, na kama machaguo ni "talkative", "bad-tempered", "untidy" na "ill", huwezi kutoka bila kulijua neno. Sasa linganisheni na hii:

"Unlike her garrulous brother, Ruth never said more than the question required."

Hapa hata asiyewahi kuliona neno analipata. "Unlike" inakwambia kaka ni kinyume cha Ruth, na Ruth hasemi zaidi ya anachoulizwa. Kwa hiyo kaka ni msemaji.

Mtafiti Isabel Beck na wenzake waliliandika hili tangu 1983. Waligawa miktadha katika aina nne: inayoelekeza kwenye maana, inayogusia kwa ujumla, isiyosema chochote, na ile inayopotosha kabisa. Hoja yao ni kwamba maandishi ya kawaida hayakuandikwa ili kufundisha maana ya neno fulani. Mwandishi anasimulia jambo lake. Kwa hiyo "soma muktadha" si dawa ya kila swali.

#10 Mtunga Maswali

Nimesoma kimya, sasa nichangie. Nimewahi kufanya kazi ya kutunga maswali ya ufahamu, mahali sitapataja.

Machaguo yasiyo sahihi hayawekwi ovyo, kila moja lina kazi. Moja huwa ni maana ya kawaida zaidi ya neno, ambayo kwenye kifungu hicho haiingii. Hilo linamnasa asiyesoma sentensi, ndilo "expert" la mleta mada. Jingine linaendana na mada ya kifungu lakini haliendani na neno. Kama kifungu kinasifu, utaona chaguo la sifa, na hapo ndipo "enthusiastic" linaingia. La tatu mara nyingi linaingia vizuri kwenye sentensi ukilichukua peke yake, ila linabadilisha anachosema mwandishi. Na yote yanakuwa aina moja ya neno. Kama linaloulizwa ni kivumishi, machaguo yote ni vivumishi, ili sarufi isikupe jibu la bure.

Fikra Huru, sentensi yako ya kwanza kwetu isingepita. Mhariri angeuliza "dalili iko wapi?" na kuirudisha. Na ile ambayo mtu angeijibu bila kufungua kifungu nayo ilikuwa inarudishwa.

#11 Mzee wa Kamusi

Mtunga Maswali, hayo ni ya hapo ulipokuwa. Kwenye TOEFL maswali mengi ya msamiati yanajibika bila kusoma kifungu kama unalijua neno. Neno limetiwa rangi, machaguo manne, umemaliza, umeokoa dakika za maswali ya kuhitimisha. Nawaambia wanafunzi wangu waziwazi: ukilijua, jibu, thibitisha kwa jicho moja, songa mbele.

#12 Kalamu Nyeusi

"Thibitisha kwa jicho moja" ndiyo hoja yangu yote, Mzee. Umeshaingia upande wangu.

#13 Mzee wa Kamusi

Sijaingia popote, kijana. Nimesimama pale mlangoni nikikusubiri utoke.

#14 Bi Daftari

Kabla hamjaendelea, tuweke historia sawa, maana nadhani mnabishana kuhusu mitihani tofauti mkidhani ni mmoja.

Zamani mitihani mikubwa ilipima msamiati nje ya kifungu. TOEFL ilikuwa na sentensi moja moja zenye neno lililopigiwa mstari, hadi mwaka 1995 maswali ya msamiati yalipohamishiwa ndani ya vifungu vya kusoma. SAT ilikuwa na maswali ya kinyume, yakaondolewa 1994, kisha yale ya ulinganifu wa jozi za maneno yakaondolewa 2005. GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, nayo iliondoa vinyume na ulinganifu 2011. Mwelekeo wote ni kutoka kukariri kwenda kusoma neno mahali lilipo.

Kwa hiyo Mzee wa Kamusi anatetea maarifa yaliyotosha kabisa enzi hizo, na Kalamu Nyeusi anazungumzia mtindo wa sasa. Na bado yapo mabaki ya kila zama, ndiyo maana kila mmoja wenu ana mifano ya kumbeba.

#15 Swali Gumu

Somo zuri. Nami nitoe ushauri mmoja kwa Nuru: kama hujui jibu, acha wazi, maana SAT wanakata robo alama kwa kila kosa.

#16 Bi Daftari

Hapana, Swali Gumu. Makato hayo yaliondolewa SAT ilipobadilishwa mwaka 2016. Sasa kosa na nafasi tupu ni sawa, hakuna sababu ya kuacha wazi. TOEFL na IELTS pia hazikati kwenye kusoma. Nuru, jaza kila swali.

Na SAT ya sasa ni ya kwenye kompyuta, tangu 2023 kwa walio nje ya Marekani na 2024 ndani ya Marekani. Vifungu vyake ni vifupi, maneno 25 hadi 150, na kila kifungu kina swali moja tu. Sehemu hiyo ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Yale ya msamiati mara nyingi yana pengo, unatafuta neno linalolijaza kwa mantiki na kwa usahihi zaidi. Ile njia ya kuziba ya Mpenda Visawe huko wameshakuzibia wenyewe.

#17 Swali Gumu

Shukrani dada, nimesahihishwa.

#18 Tawi la Mkuyu

Mbona hamjagusa viambishi? Mimi nilifundishwa kuvunja neno: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati. Ukijua "bene-" ni wema na "mal-" ni ubaya, "benevolent" na "malevolent" zinajifungua zenyewe. "Un-", "mis-", "re-", "-less", "-ful" zinakubeba mbali sana. Hii ndiyo njia pekee kwa neno ambalo hujawahi kuliona kabisa.

#19 Panya wa Maktaba

Tawi la Mkuyu, viambishi ni rafiki wa kuangaliwa kwa makini. "Invaluable" ukiivunja unapata "isiyo na thamani", kumbe ni yenye thamani kubwa mno. "Inflammable" ukiivunja unaona haishiki moto, kumbe inashika. "Infamous" si asiyejulikana, ni anayejulikana kwa ubaya.

Batia Laufer, mtafiti wa ujifunzaji wa msamiati, ana mifano ya wanafunzi waliosoma "shortcomings" wakaelewa ni ziara fupi fupi, na "outline" wakaelewa ni kitu kilicho nje ya mstari. Tatizo analolionyesha ni kwamba neno la namna hiyo linajifanya jepesi. Mtu akikutana na neno geni kabisa anajua kwamba halijui, anapunguza mwendo. Akikutana na hili anapita akiwa na uhakika kamili, na ule uelewa mbaya anaubeba hadi mwisho wa aya, anaulazimisha kwenye kila sentensi.

#20 Tawi la Mkuyu

Sijasema uvunje kisha ulale. Vunja, upate tetesi, halafu uijaribu kwenye sentensi. Sentensi ya "her help was invaluable, and without it the project would have failed" itakurudisha barabarani yenyewe.

#21 Mpenda Visawe

Hapo nakuunga mkono. Na ongezeni upande wa hisia: kabla ya maana kamili, jiulize neno linaelekea wapi, zuri au baya. Mara nyingi hilo peke yake linaua machaguo mawili. Kwenye mfano wa mleta mada, "far too long" inaonyesha kuna lawama, kwa hiyo C na D zinakufa hata kabla hujajua "qualified" ni nini.

#22 Mwendo wa Saa

Mimi naona mnasahau kitu kinachoua watu kweli, nacho ni muda. IELTS ya kitaaluma kwenye kusoma ni maswali 40, vifungu vitatu, dakika 60. Mtu anayeziba neno, anasoma sentensi tatu, anajaza lake, anarudisha, atamaliza lini? Afadhali IELTS wana zile dakika 10 za kuhamisha majibu.

#23 Bi Daftari

Dakika 10 za kuhamisha ni za kusikiliza, tena kwenye mtihani wa karatasi. Kwenye kusoma hakuna muda wa ziada, majibu yaingie kwenye karatasi ya majibu ndani ya dakika 60. Hili wengi linawakuta hawana habari.

Na IELTS kwa kawaida haikuulizi "neno hili lina maana gani". Inakuficha msamiati ndani ya maswali mengine. Kifungu kinasema "the scheme was abandoned owing to a lack of funds", swali linasema mradi uliachwa kwa sababu za kifedha kwa maneno mengine kabisa. Asiyeona kwamba hayo ni mambo mamoja anapitiliza jibu huku analitazama. Kwenye kujaza mapengo wanakuambia usizidishe maneno mawili au matatu kutoka kwenye kifungu. Ukizidisha moja, umekosa. Ukikosea tahajia, umekosa, hata kama ulielewa kila kitu.

#24 Fikra Huru

Hapo kwenye IELTS mimi ningeweka nguvu kwenye maneno madogo. Watu wanakesha na maneno marefu, halafu wanaangushwa na "few".

"Few of the letters survived the fire."
"A few of the letters survived the fire."

Ya kwanza inasema karibu zote ziliteketea. Ya pili inasema kuna zilizopona. Herufi moja imegeuza habari nzima. Vivyo hivyo "hardly", "barely", "merely", "nearly" na "rarely". "He hardly worked" na "he worked hard" ni watu wawili tofauti. Kwenye maswali ya kweli, si kweli, au haijaelezwa, uamuzi wote unakaa kwenye maneno kama hayo, na hakuna orodha ya msamiati mgumu inayoyataja.

#25 Kalamu Nyeusi

Fikra Huru, hii post nainakili kwa vijana wangu leo leo.

#26 Mwendo wa Saa

Narudi kwenye muda, kwa sababu hamjanijibu.

#27 Mtunga Maswali

Nakujibu mimi. Njia ya kuziba inaonekana ndefu kwa sababu imeelezwa kwa maneno mengi. Ukiifanya mara nyingi inakuwa kitendo kimoja cha kusoma. Anayechelewa sana ni yule anayejaribu machaguo manne moja moja ndani ya sentensi, na yote yanamsikikia sawa, anarudi la kwanza, anazunguka. Mwenye neno lake mkononi anatafuta anayefanana nalo tu.

Ila nakubali hivi: ukikuta neno hulijui kabisa na sentensi haikupi kitu, chagua, weka alama ya kurudi kama mtihani unaruhusu, ondoka. Mara nyingi swali la msamiati halizidi uzito lile la wazo kuu.

#28 Jani Kavu

Naomba nitoe la kwangu. Nilijiandaa na GRE kwa orodha ndefu sana za maneno. Niliyajua, kweli niliyajua. Kwenye yale maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita yanayoipa sentensi maana moja, nilikuwa natafuta visawe viwili kwenye orodha, nikiviona naweka. Rafiki yangu aliyekuwa na maneno machache kuliko mimi alikuwa ananizidi kila tukijipima. Yeye alisoma sentensi kwanza.

Nikaja kugundua kwamba kwenye machaguo sita unaweza kukuta jozi ya visawe safi kabisa ambayo haiendani na sentensi. Imewekwa kwa ajili ya mtu anayesoma machaguo tu. Na ukipata moja kati ya mawili hupewi nusu.

#29 Kalamu Nyeusi

Jani Kavu, asante. Mzee wa Kamusi, umesoma hapo?

#30 Mzee wa Kamusi

Nimesoma, na kilichoniingia ni kingine. Orodha za Jani Kavu zilikuwa maneno na kisawe kimoja pembeni. Huo ndio ujifunzaji ninaoulaumu. Mimi ninaposema msamiati sisemi kukariri jozi. Nasema ukutane na neno mara nyingi kwenye kusoma, ulione na rafiki zake. "Qualified" na "praise", "qualified" na "support", "qualified" na "success". Aliyewahi kusoma "a qualified success" mara kadhaa hahitaji kuziba kitu chochote.

Kwa mwenye muda mfupi kama Nuru, aanze na orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000. Ni familia 570 tu na zinabeba takriban 10% ya maneno kwenye maandishi ya kitaaluma. Hakuna uwekezaji mdogo wenye faida kubwa namna hiyo. Lakini kila neno alisome ndani ya sentensi tatu tofauti, asiweke kisawe kimoja na kufunga daftari.

#31 Panya wa Maktaba

Mzee, sasa unasema "ndani ya sentensi". Kalamu Nyeusi alisema nini vile?

#32 Mzee wa Kamusi

Alisema swali halipimi kama unalijua neno. Hilo bado nalikataa, na nitalikataa kesho.

#33 Tawi la Mkuyu

Tuongeze moja la upande mwingine. Kuna maneno ambayo hata sentensi ukiisoma vizuri unahitaji kujua mwandishi anatoka wapi. "The committee tabled the proposal." Uingereza maana yake waliliweka mezani lijadiliwe. Marekani maana yake waliliahirisha. Ni kinyume kabisa. Sijui kama mtihani unaweza kuliuliza hilo kwa haki.

#34 Mtunga Maswali

Likiulizwa, kifungu lazima kiwe na sentensi inayofuata ya kuamua, mfano "and the debate lasted until midnight". Bila hiyo swali halifai. Hata "sanction" iko hivyo: inaweza kuwa kuruhusu, inaweza kuwa kuadhibu.

#35 Nuru ya Asubuhi

Wakuu, nimesoma uzi wote na nimeandika kurasa. Naomba mnijaribu na swali moja, nilijibu bila kamusi.

#36 Swali Gumu

Nakupa mimi. Maneno yote ni mepesi:

"Three years of drought had told on the farmers, and even the young among them moved slowly now."

"Told on" hapa ni:
A. reported
B. worn down
C. warned
D. angered

Toa na sababu, siyo herufi tu.

#37 Nuru ya Asubuhi

B. Nimeziba nikajaza "umewachosha". Sababu yangu ni "even the young moved slowly now". Kutembea polepole ni uchovu. Hasira ingewafanya wapige kelele, na onyo lisingewafanya vijana watembee kama wazee. Na "even" inaonyesha wazee walikuwa tayari hivyo.

#38 Kalamu Nyeusi

Nuru, kabla ya leo "told on" kwa maana hiyo ulikuwa unaijua?

#39 Nuru ya Asubuhi

Hapana. Nilijua ile ya kumshtaki mtu kwa mwalimu tu.

#40 Mzee wa Kamusi

Ila "drought" ulikuwa unaijua. Na "even" uliijua vizuri kuliko watu wengi. Mwondolee hayo mawili, Kalamu Nyeusi, halafu mpe swali lilelile tuone.

#41 Fikra Huru

"Drought" mwondoleeni, bado anapata kwa "moved slowly". "Even" ndiyo sina uhakika. Mtunga Maswali, wewe ungeiacha D hapo? Mimi naona watu waliochoka na waliokasirika wanaweza wote kutembea polepole.

#42 Mtunga Maswali

Ningeibadilisha D. Ningeweka "betrayed", ili imnase yule anayejua maana moja tu ya "told on", kama Nuru alivyokuwa asubuhi.